Ushuhuda wa Mtani

1

Matokeo ya vivuli yalitoka Jumanne, saa nne asubuhi, Subilaga Mwasaga akiwa nyuma ya nyumba anamenya magimbi. Alikuwa ameapa mbele ya mama yake kwamba hatayafungua peke yake. Aliyafungua kabla mikono haijakauka.

Chuo Kikuu cha Numbe kinakupongeza. Umepata kiti: Lugha na Sarufi.

Alisoma mara tatu. Chini ya maneno hayo kulikuwa na mstari mwingine wa herufi ndogo, kana kwamba aliyeuandika aliona haya: Uhandisi wa Mvua, akiba, nafasi ya kwanza. Maana yake ni kwamba kati ya wote waliokosa kiti cha mvua, yeye ndiye aliyekosa kwa karibu zaidi. Wapo wanaosema hilo ni jambo la kujivunia. Hao hawajawahi kukosa kitu kwa karibu.

Siku hizo hapo Tukuyu hakuna aliyemuuliza mtoto amepata somo gani. Waliuliza, "Wa wangapi?" Numbe, huko juu kwenye uwanda wa Kitulo ambako baridi inakata masikio, kilikuwa na masomo arobaini na moja, na kila somo lilikuwa na uwiano wake: vivuli vingapi viligombea kiti kimoja. Uhandisi wa Mvua, vivuli elfu moja na mia mbili. Tiba ya Vinasaba, mia tisa. Sheria za Maji, mia nne. Udongo, thelathini. Lugha na Sarufi ilikaa chini kabisa ya jedwali, vivuli vitatu kwa kiti, na katika hao watatu mmoja huenda alibonyeza kwa makosa. Harusini mshereheshaji alitaja uwiano wa bwana harusi kabla ya jina la baba yake. Mtu wa watatu hakutukanwa na yeyote. Aliambiwa hongera, kisha akaulizwa habari za mifugo.

Wala hapakuwa na wa kumlalamikia. Zamani, wazee walisimulia, watu walifanya mtihani, na aliyefeli aliweza kusema aliamka na homa. Sasa kila mwanafunzi alivaa sikio, kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, kwenye kola ya sare tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita. Sikio lilisikiliza unavyojibu, unavyokosea, unavyochoka, unavyogombana na wenzako na kupatana nao. Kutokana na hayo chuo kilikufumia kivuli, nakala inayofikiri kama wewe, kikakiingiza katika masomo yote arobaini na moja, uliyoyaomba na usiyoyaomba. Kwa saa tisa tu kivuli kiliishi miaka minne ya kila somo. Kilifeli, kikalia, kikarudia, kikahitimu au kikakata tamaa. Mwishoni ilirudi namba. Utamlaumu nani, na aliyeshindwa ni wewe mwenyewe?

Subilaga aliitaka mvua tangu ana miaka tisa. Mwaka huo mawingu yaliyopandwa juu ya Rungwe yaliamriwa yakanyeshee mpunga wa Usangu, na yeye alipanda juu ya paa la choo akayatazama yakipita, meusi, mazito, yana maji tele, yakipita tu kama wageni walioelekezwa nyumba nyingine. Tangu siku hiyo aliyaandika mawingu kwenye madaftari, na sasa yalikuwa kumi na tisa. Sarufi alikuwa akiifaulu kwa sababu ipo kwenye ratiba.

"Mchawi wewe, toka huko nyuma," sauti iliita kutoka uani. "Najua unafukia hirizi."

Ilikuwa sauti ya Sekela Mwaipaja, mtoto wa shangazi Gwantwa, dada wa baba yake Subilaga. Wasichana hawa walikuwa mabinamu, na mabinamu ni watani. Walizaliwa wakaukuta utani, wakauvaa kama walivyovaa nguo za kurithi. Tangu walipojua kusema, hakuna siku waliyoamkiana bila kutukanana, na siku mmoja alipoumwa malaria mwenzake alikaa kitandani kwake akimpangia nani atarithi viatu vyake.

"Naona mdomo umefika," Subilaga alijibu. "Mwenyewe atafuata jioni."

Sekela alikaa kwenye beseni lililopinduliwa, akanyoosha miguu. Alikuwa anacheka kicheko cha mtu ambaye hajui afanye nini kingine.

"Chuo chenu kina wazimu. Nimeomba sarufi, wamenipa mawingu. Mimi hata mwavuli sina."

Subilaga aliendelea kumenya gimbi ambalo lilikuwa limeshamenyeka. "Wamekupa nini?"

"Uhandisi wa Mvua. Kivuli changu kimekuwa cha kwanza kati ya wote waliopata." Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mbwa wa jirani amelala mlangoni pake. "Mama analia huko nyumbani, anapigia simu hadi watu aliogombana nao. Na wewe je?"

"Lugha."

Sekela alicheka mpaka akashika mbavu. Hapakuwa na ubaya wowote katika kicheko chake, na hilo ndilo lililomchoma Subilaga. Angekuwa anamcheka, ingekuwa nafuu.

"Wametubadilishia mikeka," Sekela alisema akijifuta macho. "Basi usinune, sura yenyewe haikusaidii. Mimi nitawakatalia. Nitawaambia mpeni mwenye hamu nayo, mimi nirudi kwenye vitenzi vyangu."

"Fanya unavyotaka," Subilaga alisema. "Mimi sina shida."

Hakumwambia kwamba aliyekuwa wa kwanza kwenye akiba ni yeye. Sekela akikataa kiti, kingemwangukia Subilaga moja kwa moja. Maneno hayo yalimfika kooni, akayameza. Kumwambia ingekuwa kuomba, na yeye angekula udongo kabla ya kumwomba Sekela kitu ambacho hakikumgharimu Sekela hata tone la jasho.

2

Jumatano na Alhamisi Subilaga aliishi kwa matumaini, na matumaini ya namna hiyo yanachosha kuliko kulima. Kila saa alifungua orodha ya akiba kuona kama jina lake limesogea. Mama yake alipomsifu mbele ya majirani kwa kupata Numbe, alimwona jinsi anavyoharakisha kutaja chuo na kunyamazia somo. Mzee Mwasaga, baba yake, alisema lugha nayo ni kazi. Alisema hivyo mara mbili kwa siku moja.

Ijumaa asubuhi Sekela alirudi. Hakuita kutoka uani, na Subilaga alijua kabla hajaambiwa.

Chuo humtumia kila aliyepata kiti somo la kuonjea. Kwa watu wa mvua ni wingu dogo la mwanga, ukubwa wa kikapu, linaloning'inia juu ya meza, nawe unaliingizia vidole. Ukilipoza upande mmoja linajikusanya, ukilikosea linasambaratika. Wanafunzi wengi huhangaika wiki nzima kulifanya lidondoshe tone moja. Sekela alikuwa ameliwasha Jumatano kwa mzaha tu, apate la kusimulia atakapokataa kiti. Hakuliacha mpaka mama yake alipokuja kumzimia.

"Binamu," alisema, na macho yake yalikuwa mapya. "Limenyesha. Juzi hiyo hiyo. Unajua linavyofanya kabla ya kunyesha? Linakuwa kimya. Yaani ukiwa na vidole mle ndani unahisi linanyamaza. Sasa nimeelewa kwa nini ulikuwa unashinda juu ya paa la choo kama kunguru."

Subilaga hakujua. Katika madaftari kumi na tisa hakuna mahali alipoandika kwamba wingu hunyamaza.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekubali. Nimeweka kidole asubuhi hii." Alimshika mkono. "Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, maana ndiwe ungenielewa."

Wivu ulimpanda Subilaga kutoka tumboni, ukapita kifuani, ukakaa kwenye meno. Ulikuwa wivu hasa, hauna jina la heshima. Alimwonea wivu kwa kiti, kwa vidole, kwa lile tone, na zaidi ya yote kwa ile miaka ambayo Sekela aliipoteza kwa kucheka huku yeye akihesabu mawingu, na bado ikatosha. Kama Sekela angeiba, angalau angemchukia kwa haki. Lakini Sekela hakuiba kitu. Alipita tu, na vitu vikamfuata.

"Hongera," alisema. "Watu wa Usangu wajiandae, sasa watanyeshewa supu."

Sekela alicheka. Subilaga akaongeza la pili na la tatu, akamtukana siku hiyo vizuri kuliko siku zote, mpaka mama yake huko jikoni akawa anacheka peke yake. Hakuna aliyeweza kujua. Utani una faida hiyo.

3

Barua ya Ofisi ya Vivuli ilifika Jumatatu. Ilimtaka Subilaga afike kesho yake saa tatu asubuhi katika ofisi ya kata, kutoa ufafanuzi juu ya maneno aliyoyasema kuhusu mwombaji mwingine.

Karani aliyemkuta alikuwa mama wa makamo, Bi Mbwilo, amevaa sweta zito la watu wa Kitulo, mwenye mafua yasiyopona. Juu ya meza aliweka kijiti cha kioo, urefu wa penseli.

"Shikamoo," Subilaga aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usiogope, hukushtakiwa wewe." Alipenga kamasi. "Kabla kiti hakijathibitishwa, mashine inapitia kila neno zito lililosemwa juu ya mwombaji katika miaka yote ya sikio. Juu ya Sekela Mwaipaja kuna neno moja. Nitakusomea. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, foleni ya chakula. Msemaji ni wewe. 'Huyu ni mwizi wa majibu. Ananakili kwangu tangu darasa la tatu. Bila karatasi yangu asingejua hata jina lake.'"

Subilaga aliikumbuka siku hiyo kama jana. Walikuwa wamerudishiwa jaribio la fizikia, Sekela ana tisini na nne, yeye themanini na nane. Foleni ilikuwa ndefu, maharage yanaishia, na wasichana walikuwa wanampongeza Sekela. Akasema hayo. Foleni nzima iliangua kicheko, Sekela akacheka kuliko wote, akajibu kwamba karatasi ya Subilaga hata mbuzi alikataa kuinakili. Wote walicheka isipokuwa aliyeanza.

Na ilikuwa uongo. Sekela hakuwahi kunakili kwa mtu. Kama yupo aliyewahi kuchungulia, ni Subilaga mwenyewe, darasa la tano, swali la sehemu.

"Mama, sisi ni mabinamu," alisema.

"Najua. Mashine nayo inajua."

Ilijua kweli. Mashine ya Numbe haikuletwa kutoka nje. Iliundwa na watu wa huku huku, wenye mashangazi na mabinamu wao, nao waliifundisha utani vizuri mno. Ilijua kwamba babu akimwita mjukuu wake mke wangu si kesi. Ilijua kwamba mtani akimnyang'anya mtani wake shati msibani si wizi. Maneno ya watani yalipofika kwake yalipimwa kwa sauti, na kama sauti ilibeba mzaha yalitupwa. Kati ya matusi elfu nane na ushee ambayo Subilaga alimtukana Sekela kwa miaka kumi na mitatu, mashine iliyatupa yote. Ilibaki na haya tu, kwa sababu siku hiyo sauti haikubeba mzaha.

Kosa la walioiunda lilikuwa moja. Waliamini maneno ya mtani ni ya namna mbili: ama ni utani, ama ni ukweli ambao mtani peke yake ana ruhusa ya kuusema. Hakuna aliyewaza namna ya tatu, maana hakuna anayependa kukiri kwamba ipo.

"Swali ni moja," Bi Mbwilo alisema. "Utajibu ndiyo au hapana, na kijiti kitasikiliza. Kikiwaka cheupe, jibu lako na moyo wako vimelingana. Ukijibu ndiyo na kikawa cheupe, maneno yanafutwa na mwenzako anaendelea. Ukijibu hapana na kikawa cheupe, maneno yanasimama kama ushuhuda. Atapoteza kiti, na hataomba somo lolote Numbe kwa miaka mitatu."

"Na kiti chake?"

Hakukusudia kuuliza. Lilimtoka. Bi Mbwilo alimtazama kidogo juu ya miwani, akatazama karatasi.

"Kinakwenda kwa wa kwanza wa akiba." Alisoma jina lililokuwa pale, akamtazama tena Subilaga, kisha akaendelea kwa sauti ile ile ya ofisi. "Tena sheria inanitaka nikusomee hili. Shahidi akikiri kwamba alisema uongo, maneno yanafutwa kwa mwenzake na kuandikwa kwenye faili lake yeye. Kiti chake na akiba yake vyote vinaondoka. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Alielewa mno. Akisema ndiyo, nilitania, kijiti kingekataa, maana hakutania. Akikiri kwamba alisema uongo, Sekela angebaki na mvua, na yeye asingebaki hata na vile vitenzi vyake vya watatu. Njia iliyobaki ilikuwa ya neno moja, na neno lenyewe lilikuwa kweli tupu.

Dirishani alionekana mtu anafunga ng'ombe kwenye nguzo. Bi Mbwilo aligusa kijiti kikapata joto.

"Subilaga Mwasaga. Siku ile kwenye foleni, ulikuwa unatania?"

"Hapana."

Kijiti kiliwaka cheupe, cheupe safi, hakikutetemeka hata kidogo. Pengine katika mwaka mzima hakuna aliyekijibu kwa ukweli kuliko huo. Bi Mbwilo aliandika, akakizima, akakifunga kwenye kitambaa chake na kukitia mfukoni mwa sweta.

"Hii ni ya kumalizia tu, haipimwi," alisema. "Una la kuongeza?"

Nafasi ilikuwa pale mezani, mistari minne mitupu, na kalamu juu yake. Subilaga aliitazama. Alimfikiria Sekela na vidole vyake ndani ya wingu linalonyamaza, na huruma ikamjia, huruma ya kweli, akaihisi ikimkaribia kabisa. Kisha akakumbuka Sekela alivyosema, 'Wamenipa mawingu. Mimi hata mwavuli sina.'

"Sina."

"Ukikumbuka kitu, una siku saba kuanzia uamuzi utakapotoka. Mwisho saa kumi na mbili jioni." Bi Mbwilo aligeuza karatasi. "Baada ya hapo hata mimi siwezi kulifungua faili."

4

Uamuzi ulitoka Alhamisi. Shangazi Gwantwa alikuja kwa kaka yake asubuhi ile ile, kitenge kimefungwa upande upande, akakaa sebuleni bila kuvua viatu. Subilaga alimwamkia, akamletea chai.

"Wanasema ni mwizi wa majibu," shangazi alisema. "Mwanangu. Huyu anayesahau hata kuchukua vitu vyake dukani. Kaka, kuna mtu amemsema mtoto wangu. Mtu anayemjua, maana hawasikilizi asiyemjua."

"Rufaa je?" Mzee Mwasaga aliuliza.

"Rufaa ni baada ya miaka mitatu. Au huyo aliyesema abadilishe mwenyewe. Nani atabadilisha? Aliyekuwa na roho ya kusema atakuwa na roho ya kubadilisha?" Alipokea kikombe. "Asante, mwanangu Subi. Wewe angalau Mungu amekukumbuka. Heri kiti kimebaki ukoo huu huu."

Subilaga alirudi jikoni. Kwenye simu yake kulikuwa na barua ya pongezi kutoka Numbe, wa elfu moja na mia mbili, na wingu lake la kuonjea lilikuwa tayari limefika. Hakuliwasha siku hiyo. Aliliwasha Jumamosi akiwa amejifungia, akaliingizia vidole kwa siku nne, na siku ya nne likampa ukungu.

Kila siku alijiambia kesho. Ijumaa alijiambia Jumatatu, kwa sababu ofisi za kata hazifanyi kazi wikendi, japo faili liliweza kufunguliwa kwa simu na yeye alilijua hilo. Jumatano aliandika mistari miwili na kuifuta. Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni alikuwa amekaa na simu mapajani, na mama yake akamwita amsaidie kuhesabu viti vya wageni wa Jumamosi. Alikwenda. Alihesabu viti viwili viwili, polepole, akarudia kuanzia mwanzo. Aliporudi ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tisa.

Karamu ya kumuaga ilijaza nyumba. Ndizi za nazi, nyama, magimbi, na majirani waliokuwa hawajawahi kukanyaga pale wakija kumwona msichana atakayeielekeza mvua. Mzee Mwasaga alitaja ile elfu moja na mia mbili katika kila sala. Watu walimwomba Subilaga awakumbuke kiangazi kikifika, naye akacheka palipohitajika kucheka.

Saa saba mchana Sekela aliingia na mama yake. Amevaa gauni la kanisani, nywele amezisuka vizuri. Sebule ilichangamka mara moja. Kila mtu alijua mabinamu hawa wakikutana kuna burudani, na mjomba mmoja alishaanza kucheka kabla hawajafungua mdomo.

Sekela aliwazungukia wakubwa wote akiwaamkia. Alipofika kwa Subilaga alimpa mkono.

"Hongera sana, dada," alisema. "Tumefurahi."

Watu walingoja. Walidhani ndio anaanza, kwamba nyuma ya heshima hiyo kuna tusi limejificha, litatoka sasa hivi. Halikutoka. Sekela alikuwa amesimama wima, mkono wake mkavu na mwepesi.

Subilaga hakuuachia mkono huo. "Naona umeoga leo," alisema kwa sauti kubwa. "Watu wa Tukuyu watakosa maji wiki nzima."

Mjomba alicheka. Mama Subilaga alicheka. Sekela aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa sifa asiyoistahili.

"Asante, dada," alisema, akaenda kukaa kwa wanawake.

Kicheko cha mjomba kilikatika katikati. Mtu alianza kuzungumzia bei ya mbolea.

Subilaga alimfuata alipotoka kwenda kuosha mikono, akamkuta kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba.

"Umesoma," Subilaga alisema.

"Nimesoma. Mtuhumiwa anapewa nakala." Sekela alifunga bomba. "Sikuelewa mwanzoni. Uliulizwa kama ulitania, ukasema hapana. Nikasema, sawa, hilo ni kweli, siku ile hukutania, niliona. Nilicheka ili wenzetu wasione."

Subilaga hakuwa amejua hilo. Siku zote alidhani siku ile ilimpita Sekela kama siku nyingine.

"Kisha nikasoma chini. Una la kuongeza? Sina."

"Ulisoma lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu bado kulikuwa na siku tatu. Mbona hukuja?"

"Ningekuja ungedhani nimekuja kuomba." Alijipangusa mikono kwenye gauni, kidole kimoja kimoja, vile vidole. "Sikutaka uongeze kwa sababu nimekuomba. Nilitaka uongeze. Nilikaa na simu mpaka Alhamisi saa kumi na mbili. Mama akinipa chakula nakaa nayo. Nilikuwa na uhakika kabisa, mpaka nilikuwa nimeshapanga nitakavyokutukana ukishafanya."

Ndani watu walianza kumwita Subilaga aje akate keki. Hakusogea. Alitaka kusema samahani, lakini samahani ilikuwa ndogo, na jambo lenyewe lilikuwa limefungwa hata Bi Mbwilo asiweze kulifungua. Alitafuta kitu kingine cha kuomba, akakipata kimoja tu.

"Nitukane, Sekela," alisema. "Niite chochote. Niite mchawi. Nitukane basi, hata kidogo."

Sekela alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa watu, akarekebisha mtandio begani.

"Safari njema, dada," alisema.